Kethia Ana Wenyewe Wangapi?

Stafford, 21 Septemba

Mdogo wangu mpendwa Perpétue,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku kwetu tunaendelea. Wifi yako Mélissa mgongo bado unamsumbua, lakini kazini anakwenda vilevile. Florent mwanangu amepata kazi Sugar Land kwenye ghala la viatu, na sasa hapa nyumbani anatembea kama meneja. Joto bado ni la kuua. Mama anaendeleaje na presha yake? Mwambie ile sombe ya majani ya muhogo aliyotutumia tuliimaliza siku hiyohiyo, na Florent alikomba sufuria kwa kidole.

Naandika barua kwa sababu umeniblok. Nimepiga kwa simu yangu, nimepiga kwa simu ya Mélissa, nikamwomba hata paroko anipigie, naye hukupokea. Padri, Perpétue! Haya, turudi kwenye barua, kama enzi zile tuko kambi ya wakimbizi Mtabila, ulipolazwa Kigoma mjini nikawa nakuandikia, nampa barua dereva wa lori la mahindi.

Mama ameniambia kwamba Kethia amechukuliwa na serikali. Nilipata habari hiyo nikiwa chumba cha kufulia pale hotelini. Nilikaa chini sakafuni katikati ya mashuka, bosi akadhani nimeanguka.

Ila hasira zako kwangu ndizo sizielewi. Yule mama wa ofisi ya watoto alinipigia, akaniuliza kama namjua Kethia. Nikamwambia namjua sana, ni mtoto wangu. Nilisema nini kibaya? Marehemu dada yetu Inès alimzaa akiwa bado binti wa nyumba yetu, hakuolewa, na baba wa mtoto hakuwahi kuleta hata soda. Mtoto wa namna hiyo ni wa nyumba ya babu yake, na kwa kuwa Mzee wetu alishafariki, nyumba ni mimi. Kwetu nani halijui hilo? Niliongea kwa sauti nzito, kwa heshima zote, ili wajue mtoto ana watu. Nilikuwa nakupa nguvu.

Usilie sana. Hii sheria mpya iliyomchukua Kethia namjua mwenyewe aliyeitunga. Ni mbunge wa huku kwetu, siyo wa Washington, ni wa bunge la Texas pale Austin. Tumeshikana mikono mimi na yeye. Nia yake ni kuwakamata wanaouza watoto. Hana haja na wewe. Nikimweleza ataelewa, ni mtu wa watu.

Nifungulie simu basi.

Kaka yako,
Anicet


Garland, 5 Oktoba

Kaka Anicet,

Shikamoo. Mama anakusalimia, presha imempanda na chakula anakisukuma pembeni. Wifi mpe pole ya mgongo. Florent mpe hongera. Salamu zimekwisha.

Simu sikufungulii. Kwenye simu unasema haraka. Ukiandika angalau mkono unachoka, unapata nafasi ya kufikiri.

Unasema huelewi hasira zangu. Ngoja nikueleze taratibu, maana naona mvuke wa mashuka umekuingia kichwani.

Hiyo sheria ya rafiki yako imeanza Septemba mosi. Inasema mtoto akiishi na mtu ambaye si mzazi wake wa kumzaa, huyo mtu lazima awe na karatasi ya mahakama. Shule ikaniita. Mimi karatasi ya mahakama ningeitoa wapi? Inès alinikabidhi mtoto pale kitandani hospitali, Mama yupo, padri yupo, akasema, "Perpétue, mtoto wako huyu." Mahakama yetu ilikuwa ile. Kethia alikuwa hata kukaa hajui. Chupa amenyonyea mkononi mwangu, meno ameotea begani kwangu, leo yuko darasa la tatu. Unajua sijazaa, Kaka. Lakini tangu siku ile sijawahi kujiita mtu asiyezaa.

Basi nikawaambia mimi ni mama yake. Wakasema sawa, tupe namba ya ndugu wa kuthibitisha. Nikatoa yako. Yako! Nikajisemea, kaka yangu ana nyumba, ana uraia, anaongoza jumuiya ya Warundi kanisani, ataongea vizuri.

Kweli ukaongea vizuri. Ukasema ni wako.

Walikuja wanawake wawili na askari mmoja. Mmoja akaniuliza, huyu mtoto ana wenyewe wangapi? Mimi nina jina langu, wewe lako, Mama lake, Kethia lake, kama ilivyo kwetu, kila mtu na jina alilopewa yeye, na hakuna mawili yanayofanana. Nikaeleza mpaka mate yakakauka. Wao wakaona watu wasiohusiana, kila mmoja yuko mji wake, kila mmoja anadai mtoto ni wake. Kwa sheria yenu hiyo ndiyo dalili ya mtoto anayeuzwa. Kethia alikuwa anakula. Walimwondoa hajanawa mikono, vidole vina ugali. Alikuwa ananiangalia mimi, anasubiri nimwambie kama aende au asiende.

Sasa Jumamosi wananiruhusu kumwona saa moja tu, kwenye chumba chenye midoli ya kila aina. Kuna mama anakaa pembeni anasikiliza. Hajui Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili tumekatazwa, Kirundi pia. Lazima niongee Kiingereza ili asikie. Kiingereza changu mimi ni cha kiwandani, kwenye mashine ya kufungia nyama: stop, go, careful, break. Nimekaa mbele ya mwanangu niliyembembeleza kwa Kirundi na kumgombeza kwa Kiswahili, namuuliza, "You eat good? You sleep good?" Akanikazia macho. Akasema, "Mama, why are you talking like that?"

Ningemjibu nini, Anicet? Ningemjibu kwa Kiingereza kipi?

Nimeiona picha yako Facebook. Uko ukumbi wa kanisa, umeinua mirisho juu, zile fimbo za kupigia, unapiga ngoma, na mheshimiwa wako pembeni amevalishwa kitenge, anacheka meno yote nje. Sijakuuliza kitu.

Mimi,
Mama Kethia


Stafford, 26 Oktoba

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Hapa nyumbani sote wazima. Mélissa ameanza novena, sala ya siku tisa, kwa ajili ya Kethia, na Florent, ambaye hata Jumapili huvutwa kwa kamba, anasali naye. Mama mwambie asiache dawa. Mwambie ni amri yangu, labda atacheka.

Nimechelewa kwa sababu sikutaka kukuandikia mikono mitupu. Nilienda ofisini kwa Mheshimiwa. Nilivaa suti ya Pasaka, nikaomba ruhusa kazini, nikafika mapema kabla hawajafungua. Kijana wa mapokezi akanikaribisha vizuri. Nikaangalia ukutani, nikaiona picha yetu imewekwa kwenye fremu, ngoma zote, na mimi mbele. Nikamwonyesha yule kijana, huyu hapa ni mimi. Akaitazama picha, akanitazama, akasema, "Awesome!" Kisha akaniambia nikae.

Mheshimiwa alitoka mchana. Jina langu hakulikumbuka, ila ngoma alizikumbuka, akaniuliza lini tutampigia tena. Nikamweleza yote, kuanzia Inès mpaka wewe. Nilijiandaa, nilikuwa nimemfanyisha Florent mazoezi ya Kiingereza na mimi. Alinisikiliza, simwonei. Akaniwekea mkono begani, akasema pole sana. Halafu akasema sheria inafanya kazi yake vizuri, kwamba tangu ianze watoto wengi wameshaokolewa, na kwenye mikutano watu wanasimama kupiga makofi akiwataja.

Perpétue! Kethia yumo humo. Huko anakohutubia, Kethia wetu ni mtoto aliyeokolewa.

Nikamwuliza, basi kosa likionekana linarekebishwaje? Akasema linapelekwa bungeni. Nikasema lipeleke. Akasema bunge la Texas linakutana mara moja kila miaka miwili, limeshafungwa, halikai tena mwaka huu wala mwaka ujao mzima. Alisema kwa upole kabisa, kama daktari. Akanipa kalamu yenye jina lake, akaingia ndani.

Ndiyo hii ninayoandikia. Sina nyingine hapa.

Habari ya picha tuiache kwanza.

Kaka yako,
Anicet


Garland, 3 Novemba

Kaka Anicet,

Shikamoo. Jana tulimwombea Inès misa ya marehemu. Mama alilia kwa sauti mpaka wanakwaya wakanyamaza. Siku hizi analala kitanda cha Kethia, anasema mto bado una harufu yake. Nimeacha kufua huo mto.

Ati ameokolewa! Ameokolewa kutoka kwenye nini, kwenye ugali? Jumamosi nimemkuta wamemkata nywele. Zile nywele, Anicet, nilizokuwa namsuka kila Jumapili baada ya misa, yeye amekaa chini katikati ya magoti yangu anaangalia katuni. Ile familia ambako serikali imemweka ni watu wazuri, siwasingizii, lakini kichana hakikupita, wakaona mkasi ndio rahisi. Alikuja amevaa kofia. Nilipoivua nikatabasamu, nikasema, "Nice, nice." Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma, kwa sababu yule mama wa pembeni yupo, na nikilia ataandika kwamba namsumbua mtoto. Nilililia kwenye maegesho ya magari.

Kabla saa haijaisha akaniuliza kwa Kiingereza chake cha haraka. Anasema wamemwambia kuna watu wawili wanasema yeye ni wao. Sasa yeye ni wangu au wa Uncle? Mtoto wa miaka minane! Nilitaka kumwambia kwetu mtoto hana mwenyewe mmoja, ndiyo raha yake. Hayo kwa Kiingereza siyajui. Nikamwambia, "You are good girl." Akasema, "That's not what I asked."

Nina wakili sasa, anaitwa Wacuka, Mkenya, anatusaidia bure kupitia parokia. Mkali lakini ana moyo. Ameniambia ukweli bila sukari. Mimi nafanya kazi ya usiku, nyumba ya chumba kimoja nakaa na mama mgonjwa, mtihani wa uraia nimeanguka mara mbili, na juu ya yote karatasi sina. Akaniuliza, hakuna ndugu raia, mwenye nyumba, mwenye kazi ya mchana? Hakimu anaweza kumpa huyo.

Nikamwambia hakuna.

Ndiyo, nimekukana, nikiwa na akili zangu timamu. Wacuka ananiambia anayepewa mtoto na mahakama ndiye mwenyewe, basi, hakuna mama mdogo wala nini. Akija kwako atakuwa wako. Mimi nitakuwa nani? Mgeni wa Krismasi, nakuja na keki, naulizwa nitaondoka lini? Miaka minane, Anicet. Nilale vipi mimi?

Usiniombe hilo. Piga ngoma zako, omba novena zako, lakini hilo usiniombe.

Mama Kethia


Stafford, 17 Novemba

Mdogo wangu Perpétue,

Amani ya Bwana iwe kwako na kwa Mama. Sisi wazima wa mwili. Mheshimiwa anakuja tena ukumbi wa kanisa kabla ya sikukuu ya Thanksgiving, na kamati ikaniomba ngoma. Nimewaambia mkono unaniuma. Wakasema basi vijana wapige. Ngoma ziko gerejini kwangu, nikawaambia gereji nayo inauma. Sasa hawanisalimii vizuri. Wakati wa uchaguzi niliwaambia mimi mwenyewe wampigie kura, mmoja mmoja, nimesimama pale mlangoni baada ya misa. Hiyo ndiyo habari ya ile picha. Umeshajua, kwa hiyo sirefushi.

Sasa la kweli. Shika kiti, mdogo wangu.

Yule mama wa ofisi ya watoto amenipigia tena. Namba yangu wanayo, wewe ndiye uliyewapa. Anasema wamepata familia inayotaka kumchukua Kethia moja kwa moja, awe mtoto wao, abadilishwe hata jina. Wanakaa Amarillo. Nimeangalia ramani. Hata kutoka kwako ni mwendo wa siku kwa gari, na huko hatumjui Mrundi, hatumjui Mkongomani, hatumjui mtu. Kesi ni tarehe nne Desemba. Anayeweza kuzuia ni ndugu mmoja anayekubalika. Mmoja, Perpétue. Tukisimama wawili tena kila mtu anasema wangu, watatuweka pembeni sote, na mtoto anakwenda.

Akaniuliza maswali mawili. Huyu mtoto ni wako, utamchukua? Na dada yako anaweza kulea?

Nikamwambia nitampigia baadaye. Mimi, Anicet, sikuongeza neno! Nilipokata simu Mélissa alinishika paji la uso kuona kama nina homa.

Hilo swali la pili sitalijibu kamwe, hata wanifunge. Nani analea kama wewe? Lakini la kwanza nalijibuje? Nikisema ndiyo, nimekunyang'anya mara ya pili. Nikisema hapana, Amarillo. Nakaa kwenye chumba cha kufulia nakunja mashuka, najikuta nimekunja shuka moja mara tatu.

Ukiniambia nikatae, nitakataa, na tutapigana bega kwa bega mpaka hakimu atufukuze. Ukiniambia nikubali, Mélissa ameshasema chumba cha Florent kitakuwa cha Kethia, na Florent mwenyewe amesema atalala sebuleni. Wewe ndiye utakayesema. Safari hii sifungui mdomo kabla yako.

Nijibu upesi, nakuomba.

Kaka yako,
Anicet


Garland, 24 Novemba

Kaka yangu Anicet,

Shikamoo, na wifi shikamoo. Mama ameamka, amekunywa uji. Baridi imeanza. Barua yako nimeisoma kazini wakati wa mapumziko, nikairudia kwenye basi, kisha nikamsomea Mama. Mama akaenda akautoa ule mto wa Kethia, akaanza kuufungia kwenye mfuko.

Kwa hiyo sema ni wako.

Mara ya kwanza uliposema uliniua. Sasa nakuomba mwenyewe, sema tena. Simama mbele ya hakimu na suti yako ya Pasaka, utumie ile sauti yako nzito, useme huyu ni mtoto wangu, wa nyumba ya baba yangu. Usisite hata kidogo. Wao mtu akisita wanaona uongo. Wacuka nimemwambia ukweli, kwamba nina kaka. Alinitazama sana, hakunigombeza. Karatasi zangu ameshanisainisha. Nimesaini kwamba sina madai, na kwamba sitakaa nyumba moja na mtoto mpaka hakimu aruhusu. Nilimwuliza ataruhusu lini. Akasema haijaandikwa. Na lile swali la pili wakikuuliza mahakamani, jibu. Waambie dada yangu hawezi. Ukikataa kujibu watashuku. Nakuruhusu, na nimekusamehe kabla hujasema.

Sasa sikiliza, mpe Mélissa asome na yeye.

Maharage anakula kama yameiva sana na hayana vitunguu vinavyoonekana. Akisema tumbo linauma Jumatatu, ni uongo, kuna hesabu. Akisema Alhamisi, ni kweli. Radi anaiogopa lakini hasemi, anakuja tu kukaa karibu na wewe na kujifanya anatafuta kitu. Mwache atafute. Anasali Salamu Maria kwa Kirundi, ndicho Kirundi pekee anachokijua chote, msimgeuzie Kiingereza. Na muongeleshe Kiswahili, Kaka, hata akijibu Kiingereza wewe endelea, siku moja atajibu.

Nywele zikifika urefu wa kidole Mélissa aanze mistari midogo. Akae chini, siyo kwenye kiti. Asivute kwenye masikio. Mto unakuja na hii barua, msiufue.

Ataniulizia. Mwanzo ataniulizia kila siku. Msimwambie nimekataa, na msimwambie nakuja. Mwambieni nipo kazini. Hilo amelizoea, kila jioni nilikuwa namwambia mama anakwenda kazini, na alikuwa analala.

Aliniuliza yeye ni wa nani nikashindwa kumjibu. Mjibu wewe. Na siku atakapokuita baba, usitazame pembeni ukinifikiria mimi. Itika.

Mama mdogo wake,
Perpétue